Re: Hizi filamu za ndoto-ndoto zina maana gani hasa?

Mkuu, umeuliza kama kuna maana iliyofichwa au watu walijiandikia tu. Kwa Un Chien Andalou, filamu fupi ya 1929, waliotunga waliikimbia maana makusudi. Mwongozaji Luis Buñuel aliota wingu jembamba likikata mwezi kama wembe unavyopasua jicho, na mchoraji Salvador Dalí akaota mkono uliojaa sisimizi. Wakaandika hadithi kwa sharti moja: wazo lolote linaloelezeka kwa akili, tupa. (Lile jicho linalopasuliwa kwenye filamu ni la ndama aliyekwishakufa. Mimi nilifumba yangu hata hivyo.) Kwa hiyo usijisumbue kutafuta fumbo, itazame kama unavyoota.

Upande wa katuni anza na Destino. Dalí aliianza na Walt Disney 1945, fedha zikawa ngumu, ikalala kabatini hadi ilipokamilishwa 2003. Ni fupi, lakini kwangu inazidi filamu nyingi ndefu.

Kuhusu kama mambo haya bado yapo: zile video za muziki ambazo mtu anafungua mlango wa chumba ghorofani na kutokea ufukweni? Rudi kwenye hiyo ya 1929, utamkuta mwanamke anafanya hivyo hivyo.