Ndege Isiyosogea Kiooni Ndiyo ya Kuogopa

Wengi wanaoanza kurusha ndege ndogo huogopa mawingu, giza na injini kuzimika. Kugongana na ndege nyingine hewani hawakuwazii kabisa, maana anga ni pana. Ni pana kweli, lakini sisi marubani hatutawanyiki humo. Tunatoka na kurudi kwenye viwanja vilevile, tunapita njia zilezile, na siku ya jua zuri sote tunataka kuruka. Ndiyo maana ajali nyingi za aina hii hutokea mchana kweupe, karibu na kiwanja kisicho na mnara wa kuongozea ndege. Na mara nyingi si uso kwa uso: ndege moja huifikia nyingine kutoka nyuma au kuishukia kwa juu, zote zikienda kutua.

Tarehe 18 Agosti 2022, huko Watsonville, California, Cessna 152 ilikuwa ikizunguka kiwanja, na Cessna 340 ya injini mbili ikaja kutua moja kwa moja kutoka mbali, kwa kasi kubwa kuizidi ile ndogo. Marubani wote wawili walikuwa wakitangaza redioni mahali walipo. Ziligongana karibu na kiwanja, watu 3 wakafa. Huwa nawasimulia vijana ajali hii kwa sababu ya ile redio. Kumsikia mwenzako si kumwona. Mtu akisema anakuja kutua, mimi namtafuta kwa macho mpaka nimpate, na nisipompata namuuliza yuko wapi na yuko juu kiasi gani. Asipojibu, siendelei kushuka. Naondoka kwenye mzunguko, nakaa pembeni, naanza upya. Mafuta ya kuzunguka tena si hasara.

Sasa macho yenyewe. Mwalimu wangu wa kwanza alinionyesha jambo ambalo vitabuni nilikuwa nimelipita tu. Kulikuwa na nukta nyeusi mbali, upande wa kulia. Akaweka kidole kwenye kioo juu yake, akaniambia nishike mwelekeo na nitulize kichwa. Nukta ikabaki palepale kwenye ncha ya kucha yake, haikwenda kushoto wala kulia, ikawa inanenepa tu. Akachukua usukani mapema, akageuka, tukapita nyuma ya ndege ile. Ndege inayohama kioo itapita mbele yako au nyuma yako. Inayokaa mahali pamoja huku ikikua ndiyo mtakayokutana nayo. Tatizo ni kwamba jicho huvutwa na kitu kinachotembea, na hii haitembei.

Wakati nao ni mchache. Mamlaka ya anga ya Marekani, FAA, inakadiria kwamba tangu jicho lione kitu mpaka ndege ianze kukwepa hupita kama sekunde 12.5. Ndege mbili zikielekeana, kila moja ikienda kilomita 200 kwa saa, muda huo zinakuwa zimekaribiana karibu mita 1,400. Kwa umbali huo, ndege ndogo inayokuja usoni ni kivuli chembamba tu.

Kwa hiyo usifagie anga kwa macho. Ligawe vipande vya nyuzi kama 10, utulie sekunde moja au zaidi kwenye kila kimoja. Anga likiwa tupu, jicho hulegea na kulenga mita chache tu mbele, basi lianzishe kwenye kitu cha mbali, ncha ya mlima au ukingo wa wingu. Na sogeza kichwa! Nguzo ya dirisha inaweza kuificha ndege nzima.

Ukirusha ndege yenye mabawa juu, huoni kilicho juu yako, na ukigeuka bawa linaziba kule unakokwenda. Liinue kwanza, tazama, ndipo ugeuke. Yenye mabawa chini haioni kilicho chini yake. Zikutane hizo mbili zikishuka kutua, ya mabawa chini ikiwa juu, hakuna anayemwona mwenzake.

Vifaa vya kuonyesha ndege za jirani kwenye skrini navipenda, na ningemshauri kila mwenye uwezo anunue. Marekani imelazimisha ndege kutangaza mahali zilipo kwa mfumo wa ADS-B tangu 1 Januari 2020, lakini ni katika sehemu kubwa ya anga linaloongozwa tu. Nje ya hapo utakutana na ndege ambazo skrini haizijui. Ukiwa kwenye mzunguko wa kiwanja, iangalie mara moja, kisha rudisha macho nje.

Abiria naye ana macho. Kabla ya kuwasha injini mwambie akuonyeshe kila ndege atakayoiona, hata kama anadhani umeshaiona, hata kama unaongea redioni.