Meno ya utoto yakianza weusi

Dada wa Igoma, umeuliza kama meno ya mbele ya mwanao wa miaka 3, yaliyoanza weusi, yaachwe kwa kuwa bibi yake anasema yatang'oka tu. Yasiachwe. Ya mbele huanza kung'oka kwenye miaka 6 hivi, lakini magego ya utoto hukaa mpaka 10 hadi 12, na yakitoka mapema, ya ukubwani hukosa nafasi na kuota yamepinda.

Chanzo ni hiyo chupa ya uji wa sukari uliyosema analala nayo. Usingizini mate hupungua, sukari inashinda imeganda kwenye meno. Akishapigwa mswaki wa usiku, maji tu.

Mlaze kichwa mapajani pako, inua mdomo wa juu kwa kidole, sugua pale jino linapokutana na ufizi. Weusi huanzia hapo. Dawa ya meno iwe na floraidi (madini yanayoimarisha meno), kiasi cha punje ya njegere. Ateme, asisukutue (wengi hukosea hapa). Mswaki ushike wewe mpaka afike miaka 7.

Tumbaku au aspirini ikiwekwa kwenye tundu la jino huunguza ufizi. Shavu likivimba au akipata homa, mpeleke hospitali, Sekou Toure au Bugando hapo Mwanza, siku hiyohiyo.