Msisubiri dawa zishindwe ndipo muite watu wa tiba shufaa

Mleta mada, swali lako nimelisoma lote, lakini nimekwama pale uliposema daktari amewatajia tiba shufaa, yaani huduma ya kumpunguzia maumivu na mateso mwenye ugonjwa mzito, kwa ajili ya mama, saratani ya matiti imeshasambaa, ila ndugu mmekubaliana mmalize kwanza dawa za saratani, "ikishindikana ndipo twende huko." Na chini kidogo, kwa kupitia tu, umeandika kwamba siku hizi mgongo unamsumbua usiku.

Hapana. Msisubiri hata wiki. Asubuhi mpigieni daktari mumweleze huo mgongo, na hiyo rufaa muiombe hapo hapo. Mambo mengine uliyouliza, ya kumuuguza nyumbani au wodini, kitanda, wajukuu waambiwe nini, hayo yatafuata.

Hayo makubaliano yenu nayajua neno kwa neno, kwa sababu ndiyo tuliyoyafanya kwetu kwa baba. Yake ilikuwa saratani ya tezi dume, imeshaingia kwenye mifupa. Nesi mmoja alitutajia tiba shufaa mapema kabisa. Baba mdogo akaja juu: huko ni kwa wanaokufa, mkimpeleka atakata tamaa. Tukamgeukia daktari aliyekuwa akimtibu, tukitegemea atatuweka sawa. Akajibu, "Bado hatujafika huko." Basi. Kikao kikafungwa kwa maneno hayo matatu.

Miezi ikaenda. Mgongo ukaanza kumuuma, na maumivu yenyewe yalikuwa mapya: yakizidi akilala chali, yakizidi akikohoa, yakimzunguka kifuani kama amefungwa mkanda. Tukawa tunambadilishia vidonge vya kawaida vya maumivu, hiki kikishindwa tunaleta kile. Kliniki tulikwenda bila kukosa, lakini mazungumzo yote yalikuwa majibu ya damu, yamepanda, yameshuka. Hakuna aliyemuuliza analala vipi. Baadaye akalalamika miguu mizito. Tukasema ni kwa sababu hali vizuri. Halafu mkojo ukagoma kutoka.

Tulipomfikisha hospitali tukaambiwa uvimbe kwenye pingili za mgongo umeshazikandamiza neva zinazopita ndani yake. Hiyo ni dharura kama ilivyo dharura ya moyo. Mgonjwa anatakiwa apewe dawa za steroidi mara moja, apigwe picha ya MRI, na mionzi au upasuaji ufanyike haraka, ikiwezekana ndani ya saa 24. Anayewahishwa akiwa bado anatembea ana nafasi nzuri ya kuendelea kutembea. Anayefika miguu imeshalegea, mara nyingi hairudi. Ya baba haikurudi, na alikuwa mtu wa kutembea, jamani. Muda wote uliobaki aliumalizia kitandani, akigeuzwa ubavu hadi ubavu asipate vidonda.

Nesi wa tiba shufaa tulimpata baada ya hapo. Alivuta kiti akakaa karibu na mzee, na maswali yake ya kwanza yalikuwa haya: maumivu yako wapi, yakoje, yanazidi ukifanya nini, miguu ina nguvu, choo na mkojo vinatoka? Nilitaka kulia. Kama maswali hayo yangeulizwa tangu siku mgongo ulipoanza, baba angepelekwa kwenye mionzi akitembea kwa miguu yake. Baba mdogo nimeshamsamehe, alisema alichokijua. Yule daktari alisomea, na kwa neno lake moja angetuvusha. Kumwambia mwenye saratani iliyofika kwenye mifupa kwamba muda wa kuzuia maumivu bado haujafika, hilo sijaweza kulimeza mpaka leo.

Najua ndugu zako watauliza, je, hatutakuwa tumeacha matibabu? Hapo ndipo watu wengi wanapotezwa. Zipo nchi ambako kuingia hospisi, yaani huduma ya wanaokaribia mwisho wa maisha, kuna masharti. Marekani, kwa mfano, bima ya Medicare hulipia hospisi pale madaktari wanapothibitisha kwamba mgonjwa anatarajiwa kuishi miezi 6 au pungufu, na mgonjwa mwenyewe akubali kuacha matibabu ya kuponya ugonjwa huo. Watu wamelichukua sharti hilo wakalibandika kwenye tiba shufaa yote. Tiba shufaa haina sharti hilo. Inaanza siku ugonjwa mzito unapojulikana na inakwenda sambamba na dawa za saratani, mionzi, chochote. Wala si ya saratani peke yake. Wenye moyo ulioshindwa, figo, mapafu, Ukimwi, watoto wenye maradhi mazito, wote inawahusu.

Wakikubishia, waambie habari ya utafiti uliofanyika Boston, ukachapishwa mwaka 2010. Wagonjwa 151 wa saratani ya mapafu iliyosambaa waligawanywa makundi mawili: wote walipata matibabu ya saratani, lakini kundi moja lilipewa na tiba shufaa tangu mwanzo. Hilo kundi liliishi vizuri zaidi, wachache wao walikuwa na dalili za sonona, na tena waliishi muda mrefu zaidi, wastani wa kati miezi 11.6 dhidi ya 8.9. Wale walioitwa "wanaokwenda kufa" ndio waliokaa zaidi. Mpelekee mjomba wako hizo namba.

Halafu mofini. Umesema shangazi yako anaogopa mama atakuwa teja. Kwetu pia ilikuwa hivyo: mzee ambaye kumezeshwa kidonge cha kichwa kulihitaji mashahidi wawili na mjukuu wa kumbembeleza, tukakaa tunaogopa eti atazoea dawa! Mofini ya maumivu ya saratani ikitolewa na anayeijua, uteja ni nadra sana. Wanaanza na dozi ndogo, wanapandisha taratibu kwa kufuata maumivu. Ile ya maji hufanya kazi kwa takriban saa 4, kwa hiyo hunywewa kwa saa zilizopangwa, maumivu hayasubiriwi yarudi. Usingizi na kichefuchefu vya siku za mwanzo kwa kawaida hupungua. Kufunga choo hakupungui, kwa hiyo dawa ya kulainisha choo ianze siku ile ile, na msipoandikiwa, ulizeni. Akiwa na tatizo la figo semeni mapema, dozi hubadilika. Na isikatishwe ghafla. Uganda tangu mwaka 2004 sheria inawaruhusu hata wauguzi waliosomea tiba shufaa kuiandika, kwa hiyo mtu asikutishe kwamba hiyo ni dawa ya mwisho wa dunia.

Nesi wetu ndiye aliyenieleza kuhusu Cicely Saunders, aliyefungua hospisi ya St Christopher's London mwaka 1967. Huyo mama alikuwa nesi, akawa ofisa wa ustawi wa jamii, kisha akasomea udaktari, na alifundisha kwamba maumivu ya mgonjwa wa namna hii ni ya mwili, ya akili, ya roho na ya mahusiano kwa pamoja. Kwa baba nililiona hilo. Maumivu ya mwili yalipotulizwa ndipo akaweza kusema kilichokuwa kikimkosesha usingizi kweli: deni la kaka yake, na hofu ya kumwachia mama mzigo. Tukayashughulikia. Laiti tungepata muda zaidi wa mazungumzo yale. Shirika la Afya Duniani linasema kati ya wanaohitaji huduma hii kila mwaka, ambao ni karibu milioni 57, wanaoipata ni asilimia 14 hivi. Wewe umefunguliwa mlango na daktari mwenyewe, halafu mnakaa vikao.

Kwa hiyo asubuhi, kabla ya mjomba kuamka: mwambieni daktari mgongo unauma tangu lini, unazidi akilala au akikohoa, na kama miguu imebadilika hata kidogo. Miguu ikilegea, ganzi ikiingia mapajani au mkojo ukigoma, msisubiri asubuhi wala miadi, nendeni dharura saa hiyo hiyo. Andikeni dawa zote anazokunywa. Watu wa tiba shufaa waulizeni kama wanafika nyumbani, na nani anapokea simu usiku.

Kuhusu kitanda na wajukuu, waulize hao hao, ni kazi yao pia. Wetu walikaa na watoto wakawaeleza vizuri kuliko ambavyo mimi ningeweza. Gharama sijazigusa, waliopitia karibuni watakujibu.