Maswali na majibu: Maji ya bwawa lako la kuogelea yaende wapi?

Fundi anasema nifungulie maji ya bwawa mtaroni usiku mvua ikinyesha, yatachanganyika tu. Yuko sawa? (Mbezi Beach)

Fundi wako anajirahisishia kazi. Mtaro wa mvua haupiti kwenye mtambo wowote wa kusafisha; unachomwaga leo kinaibukia baharini na dawa yake, klorini. Bwawa la mita 8 kwa 4, kina mita moja na nusu, ni lita 48,000. Klorini ya kuogelea ni miligramu 1 hadi 3 kwa lita, na samaki hudhurika hata kwa sehemu ya mia ya kiasi hicho. Halafu nani alikutuma ukaushe bwawa masika? Maji ya ardhini yakiwa juu, bwawa tupu husukumwa kutoka chini. Nimeona moja limenyanyuka upande mmoja, vigae vimebanduka kama magamba.

Nisubiri siku ngapi ndipo nimwage?

Kila mwezi swali hilihili. Siku hazipimi klorini! Jua huila, ila vile vidonge vyeupe vikubwa vina asidi ya sayanuriki inayoikinga na jua, kwa hiyo inang'ang'ania. Acha kutia dawa, chota maji kwenye kichupa cha kipimo, dondoshea matone ya kupimia klorini. Ukiona njano, hata kwa mbali, subiri. Yasipobadilika rangi, na pH (kipimo cha uchachu wa maji) iko kati ya 7 na 8, mwagilia bustani kwa mpira, polepole, udongo unywe. Yakianza kutiririka kwa jirani, funga.

Langu ni la chumvi, halina klorini. Nimwagilie migomba?

Klorini imo; mashine yako inaitengeneza kutokana na chumvi hiyohiyo. Na chumvi yenyewe, gramu 3 hadi 4 kwa lita, itaichoma migomba. Minazi ingevumilia.

Jakuzi ni lita 1,000 tu. Nimwage kwenye karo la choo?

Hapana. Utaua bakteria wanaokula uchafu humo, kisha uite gari la kunyonya kabla ya siku zake.

Bwawa limegeuka kijani, fundi katia mrututu. Sasa nimwage?

Mrututu una shaba, na shaba haiondoki kwa jua wala kwa kusubiri. Huua konokono wa majini na kudhuru matumbawe. Mtaroni, marufuku. Kama nyumba imeungwa kwenye bomba la majitaka, waulize DAWASA, mamlaka ya maji ya Dar es Salaam, kwanza. Lakini kwa nini umwage kabisa? Kijani kingi huisha kwa kusugua kuta, kutia klorini na kuiacha pampu izungushe maji usiku na mchana. Na huyo fundi, muulize mrututu uliobaki kauweka wapi.