Maswali ya Wasomaji: VA wamelikataa goti langu

SWALI: Nilikuwa fundi wa magari katika Jeshi la Marekani. Idara ya Maveterani (VA) imenipa kiwango cha ulemavu cha asilimia 10 kwa masikio kuvuma, lakini goti wamelikataa. Daktari aliyenipima anasema halihusiani na jeshi. Niende moja kwa moja kwa jaji? Na wakili je, ni lazima?
J.K., Minneapolis

JIBU: Ndugu J.K., usikimbilie kwa jaji. Isome tena barua ya uamuzi, utafute yale waliyokwisha kuyakubali na kile walichosema kimekosekana. Kwa kawaida VA hutaka mambo matatu: ugonjwa ulionao sasa, tukio la jeshini, na kiungo kati ya hayo mawili. Wewe umekwama kwenye kiungo. Waliyoyakubali kwa kawaida humfunga hata mkaguzi atakayefuata, kwa hiyo usipoteze kurasa kuyathibitisha upya.

Tangu Februari 2019 njia za kupinga uamuzi ni tatu. Inayokufaa zaidi ni dai la nyongeza, fomu 20-0995, linalohitaji ushahidi mpya unaogusa hoja yenyewe. Mpe daktari wako kumbukumbu za matibabu ya jeshini, aandike kwamba amezisoma, kwamba uwezekano wa goti kuumizwa na kazi ile ni asilimia 50 au zaidi, na sababu zake. Barua nyingi huangukia hapa: daktari anaandika “huenda”, anatia sahihi, basi. “Huenda” haina uzito. Mwenzako wa gereji aliyekuona ukichechemea anaweza kuandika alichoshuhudia kwenye fomu 21-10210.

Mapitio ya ngazi ya juu, fomu 20-0996, yanafaa pale kosa likiwa tayari ndani ya faili, tuseme daktari yule aliyekupima hakugusia kabisa siku ulipotibiwa goti kambini. Hapo hawapokei ushahidi mpya, ila unaweza kuomba mazungumzo ya simu na mkaguzi umwonyeshe kosa lilipo.

Kwa jaji wa Bodi ya Rufaa ni fomu 10182, na foleni yake ni ndefu. Ukichagua kupeleka ushahidi bila kusikilizwa, una siku 90 tangu Bodi ipokee fomu; ukipita hapo hautazamwi.

Wakili si lazima. Wawakilishi wa vyama vya maveterani walioidhinishwa na VA hawatozi kitu; unawateua kwa fomu 21-22. Wakili mara nyingi huchukua asilimia 20 ya malimbikizo, yaani malipo ya nyuma unayodai, ukishinda. Anayedai pesa kabla hata VA haijatoa uamuzi wa kwanza, mkimbie.

Kuhusu muda: una mwaka mmoja, unaohesabiwa kuanzia tarehe iliyoandikwa juu ya barua, si siku uliyoifungua. Ukiuvuka, mapitio na Bodi vinafungwa. Dai la nyongeza linabaki wazi, lakini hata ukishinda, malipo kwa kawaida yatahesabiwa tangu siku ulipolipeleka, na malimbikizo ya nyuma yamekwenda.