Modeli yako ikisafisha maji haraka, itilie shaka

Kila mwaka napokea vijana wawili watatu hapa Dodoma wanaotaka kujifunza modeli za kompyuta zinazokadiria jinsi bakteria wanavyosafisha maji ya ardhini. Karibu wote huanza na swali lilelile: tutumie bakteria gani? Nami nawajibu waache bakteria kwanza. Wapo tayari kwenye udongo, na chakula wanacho tele. Wanachokosa ni pumzi, yaani oksijeni.

Hilo nililijua kwa aibu. Modeli yangu ya kwanza ilihusu petroli iliyovuja kwenye tangi la kituo kimoja cha mafuta. Nilichukua kasi ambayo bakteria hula benzini, kemikali yenye sumu iliyomo ndani ya petroli, kama ilivyopimwa maabara, nikaiingiza kwenye programu, kompyuta ikaniambia maji yatakuwa safi ndani ya miezi michache. Grafu zilipendeza, na kwenye kikao nilipongezwa. Mwaka uliofuata tukavuta maji kwenye kisima cha uangalizi: yananuka petroli vilevile.

Chupa ya maabara hutikiswa mchana kutwa, oksijeni haiishi. Chini ya ardhi nani atatikisa? Fanyeni hesabu hii kwa kalamu kabla ya kuwasha kompyuta. Gramu 1 ya benzini inahitaji kama gramu 3 za oksijeni ili iishe kabisa. Maji ya nyuzijoto 25, kwa mwinuko wetu wa mita 1,100 hivi, hayabebi zaidi ya miligramu 7 za oksijeni kwa lita. Basi lita hiyo inamaliza benzini miligramu 2 na kidogo, wakati maji yaliyogusana na petroli yanaweza kuwa na zaidi ya miligramu 10. Na kikomo cha Shirika la Afya Duniani kwa maji ya kunywa ni miligramu 0.01. Hapo utaona kasi ya bakteria si tatizo lako kubwa.

Oksijeni ikiisha, bakteria wanahamia kupumua naitreti badala yake, kisha chuma, kisha salfeti. Kwenye miji yetu ya vyoo vya shimo, naitreti haikosekani. Ajabu yake ni kwamba uchafu wa choo unaweza kusaidia kuondoa uchafu wa petroli, ingawa kwa benzini kazi hiyo huenda polepole, na pengine haiendi kabisa. Msiitegemee.

Kosa langu la pili lilijificha zaidi. Nilitumia seli, yaani vipande ambavyo modeli hugawanya ardhi, za mita 50 kwa 50 ili kompyuta ya ofisi isichoke. Ndani ya seli moja, modeli inachanganya kila kitu kama chai na maziwa kwenye sufuria: oksijeni ya upande huu na petroli ya upande ule vinakutana papo hapo. Ardhini haiko hivyo. Maji yenye mafuta na maji yenye hewa hutiririka sambamba, yanagusana pembezoni tu, na ukingo huo mwembamba ndiko bakteria wengi wanakofanya kazi. Punguza seli kwa nusu uendeshe tena. Jibu likibadilika sana, ulikuwa unasoma ukubwa wa seli zako, si tabia ya maji.

Halafu mvua. Usichukue wastani wa mvua wa mwaka ukauweka uleule kila mwaka kwenye modeli. Rekodi za kina cha maji za Makutupora, ambako jiji hili linapata maji, zina zaidi ya miaka 50, na zinaonyesha kwamba maji huongezeka hasa miaka michache ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98. Miaka mingine karibu hakuna kinachoshuka. Maji mapya ndiyo yanayopeleka oksijeni chini ardhini, kwa hiyo wastani unawapa bakteria wako pumzi ambayo hawakuwa nayo.

Oksijeni pimeni kisimani, maji yakiwa bado yanatoka kwenye pampu. Niliwahi kubeba sampuli hadi ofisini kwenye chupa isiyojaa, barabara ya vumbi na matuta. Nilichopima kilikuwa hewa ya njiani.

Na msimpite mlinzi wa pampu bila kusalimia. Nilihangaika wiki nzima na mwelekeo wa maji uliokataa kulingana na vipimo vyangu vya asubuhi, mpaka nilipomuuliza mzee mmoja, "Babu, pampu ya jirani inawashwa saa ngapi?" Akacheka. "Usiku kucha, mwanangu. Saa mbili asubuhi inazimwa, ndipo wewe unakuja."

Kipimo cha kina cha maji kipo kabatini, rafu ya chini. Betri mnunue wenyewe, zilizomo zilikufa tangu Februari.