Maswali ya Wasomaji: Bamba Lenye Herufi Zilizoinuka

SWALI: Fundi mmoja hapa Nakuru ameahidi kunitengenezea bamba la nambari za gari lenye herufi zilizoinuka, mfano wa yale ya Uingereza. Je, polisi wa trafiki wanaweza kunikamata?

JIBU: Naam, wanaweza. Huko Uingereza herufi hizo zinaruhusiwa mradi bamba litimize vipimo vilivyowekwa, na mkosaji aweza kutozwa faini ya hadi pauni 1,000. Lakini hapa kwetu Sheria ya Trafiki, Sura ya 403, inataka gari liwe na bamba rasmi, ambalo hutolewa kupitia NTSA, mamlaka ya kitaifa ya usafiri na usalama barabarani, wala si na fundi wa mtaani, hata awe hodari vipi. La zamani likipotea, piga ripoti polisi kwanza, kisha uombe jingine NTSA.